Namba Saba Kwenye Ramani ya Shamba

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinisimamisha mlangoni mwa darasa, hapa Kenol ninakofundisha, akaniomba nimwonyeshe kwetu. Yeye yuko katika mkondo wa sayansi ya jamii, na tulikuwa tumemaliza somo la ramani na picha zinazopigwa kutoka angani. Mkononi alishika tableti ya shule. Nikamtajia Giakanja, kule Nyeri, akavuta kwa vidole viwili, milima ikakimbia, barabara ikajikunja, na kabla sijajiandaa nikawa naliangalia shamba la Cucu, nyanya yangu, kutoka juu. Paa jekundu la mjomba lilikuwa pale. Zizi lilikuwa pale. Bati jipya la mama, la buluu, lilikuwa pale pia, kando ya njia. Nikasogeza kidole chini kuelekea mtoni, nikitafuta nyumba yetu ya zamani, na mahali pake palikuwa na majani ya napia tu.

Nilijua haipo. Ilibomolewa mwaka jana, na mimi mwenyewe ndiye niliyewaita mafundi. Hata hivyo nilirudi ofisini nikaketi, nikainuka, nikaketi tena, mpaka mwalimu mwenzangu akaniuliza kama nimekalia siafu.

Mimi si mtu wa kutulia, unanijua. Hata nikifundisha natembea kati ya madawati mpaka walioketi mbele wanachoka kugeuza shingo. Lakini fadhaa ya siku ile ilikuwa ya aina nyingine. Ilinirudisha kidato cha tatu, katika shule ya kutwa iliyokuwa juu ya soko la Giakanja, mwaka ambao nilichora ramani iliyokaribia kumnyang'anya mama mahali pake pa kulala. Acha nikusimulie, maana nimeibeba peke yangu muda mrefu mno.

Tuliishi kwa Cucu, mama yake mama. Nasema kwa Cucu, na hapo ndipo uongo wangu ulipoanzia. Cucu alikuwa na nyumba ya mawe ya zamani katikati ya shamba, yenye sebule, viti vyenye vitambaa vya kufuma, na kalenda za miaka iliyopita ambazo hakutaka zitolewe ukutani. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na nyumba yake karibu na barabara, pamoja na mkewe na watoto wanne. Mimi na mama tulikaa chini kabisa, karibu na mto, katika chumba kimoja cha mbao kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja kitanda, upande wa pili mafiga matatu, na moshi ulitoka ulipopenda. Mama alirudi nyumbani kutoka kwa mume nikiwa na miaka minne. Babu, ambaye wakati huo alikuwa hai, alimwonyesha pale pa kukaa, wakaongeza mbao juu ya mbao ambazo mjomba alikuwa ameanza kusimamishia stoo ya nyasi.

Kwa hiyo unaona, hata mjomba hakuwa akizusha kitu kisichokuwapo. Nitafika huko.

Mama alishona sare za shule katika duka la mtu mjini Nyeri. Aliondoka kabla ya jua na kurudi na nyuzi zimemnasa kwenye sweta, za kijani, za maruni, kulingana na shule aliyokuwa akiishonea wiki hiyo. Mimi kazi zangu zilikuwa za mbio. Nikitoka shule nilikata napia, nikaipitisha kwenye mashine ya mkono iliyolia mpaka ng'ambo ya mto wakajua ng'ombe wa Cucu anakula saa ngapi, nikateka maji, nikawasha moto. Msimu wa kahawa niliongeza na kuchuma, vidole vikanata utamu wa ganda jekundu, na harufu ya kahawa inayochachuka kutoka kiwandani ikatufuata hadi darasani. Mwezi wa saba ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa siku nzima. Asubuhi tulikula githeri ya mahindi na maharagwe iliyobaki jana yake, imepashwa moto na chumvi kidogo, na sijakula githeri nyingine ya kufanana nayo tangu hapo, ingawa nimejaribu kuilaza kwenye friji makusudi.

Sasa nikueleze tulivyofundishwa, maana watu husema masomo ya jamii ni ya wavivu. Tulijua jinsi Waholanzi walivyoikausha bahari wakapata mashamba. Tulijua ng'ombe wa Denmaki hula nini wakati wa theluji, na ngano ya Kanada hupitia wapi mpaka ifike bandarini. Mimi nilikariri yote hayo nikiwa nimebeba mzigo wa napia mgongoni, kamba imenikata kwenye paji la uso, nikimpelekea ng'ombe ambaye hakuna kitabu kilichomtaja. Katika Historia na Serikali tulifundishwa kuhusu wale wanaume waliokaa mezani kule Berlin wakaligawa bara zima kwa rula bila kulikanyaga. Darasa zima tulicheka. Tulifika pia kwenye katiba, haki za raia, mtoto wa kike na mtoto wa kiume mbele ya sheria, na mwalimu akatuambia hilo swali huja kila mwaka, tulishike vizuri.

Mwalimu wa Jiografia alikuwa mwanamke kijana kutoka ng'ambo ya pili ya mlima, upande wa Meru. Kikuyu chetu kilimshinda, kwa hiyo nje ya darasa alituongelesha Kiswahili, na ndani Kiingereza cha kukata kwa kisu. Alikuwa na msemo wake: kitu ambacho hujakitembea hukijui. Muhula wa pili akatuambia tunafanya utafiti wa nyanjani, na kila mtu atachora ramani ya shamba la kwao, kila jengo, kila mmea, kila njia, pamoja na maelezo ya nani anakaa wapi na ardhi inatumika vipi. Zile nzuri zingebandikwa ukutani.

Kwanza tulijipima wenyewe. Alitupeleka uwanjani, tukatembea kutoka goli hadi goli tukihesabu hatua, kila mtu akagawanya akapata urefu wa hatua yake. Hapo nilipendezwa. Mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa akae chini akaambiwa sasa tembea, na uhesabu, na utapewa alama. Jumamosi hiyo nililizunguka shamba lote mara mbili, daftari mkononi, nikitaja namba kwa kelele mpaka watoto wa mjomba wakanifuata nyuma wakiniigiza. Nilipima nyumba ya Cucu. Nikapima nyumba ya mjomba, akasimama mlangoni na kikombe cha chai, akanichekea, akaniambia nisisahau choo chake kipya. Nikapima zizi, kahawa, migomba, tangi la maji, hata kaburi la babu, ambalo Cucu alinishikia kamba upande mmoja bila kuuliza lolote.

Nilipofika kwetu sikupima. Nilisimama mbele ya mlango, nikatazama bati lililoota kutu na ile mbao ya chini ambayo kuku walikuwa wameichimbua, nikafikiria ukuta wa darasa letu. Nilimfikiria hasa msichana mmoja niliyeketi naye, wa nyumba kubwa ya vioo kule juu, ambaye nilikuwa nimemwambia tangu kidato cha kwanza kwamba naishi kwenye nyumba ya mawe na nyanya yangu. Nikageuka nikaenda kuandika. Kwenye karatasi ya manila nilichora kila kitu kwa wino wa rangi, nikaweka mwelekeo wa kaskazini na kipimo, na pembeni nikaweka orodha ya namba na maana zake. Namba moja, nyumba ya nyanya. Namba mbili, nyumba ya mjomba. Zizi, choo, tangi, kaburi. Chini kabisa karibu na mto nikachora mraba mdogo kwa kukisia kwa macho, nikauandikia namba saba, na kwenye orodha nikaandika: stoo ya nyasi. Katika maelezo nikaandika kwamba mimi na mama tunaishi namba moja.

Nilipata alama za juu kuliko wote. Mwalimu aliibandika katikati ya ukuta na kuwaita walimu wengine waje waione. Sijui kama umewahi kusifiwa kwa kitu ambacho unajua ndani yake kuna uozo. Nilifurahi, usidhani sikufurahi, ila kila mtu aliposogea karibu na ukuta ule mimi nilisogea naye kuhakikisha anaangalia upande wa juu.

Siku ya wazazi mama aliomba ruhusa kazini akaja na ile nguo yake ya kanisani. Alisimama mbele ya ramani muda mrefu, mkoba ameukumbatia. Nikamwonyesha kahawa, nikamwonyesha jinsi nilivyochora migomba jani kwa jani. Aliniambia nina mkono mzuri. Tukaenda kunywa soda.

Muhula ulipoisha nilipewa ramani yangu nikaenda nayo nyumbani, na Cucu akaichukua. Cucu hakujua kusoma lakini alitaka kuelewa, akanikalisha nimpitishe namba kwa namba. Kila namba alikuwa na neno la kusema, hapa babu yako alipanda kahawa ya kwanza, hapa ng'ombe alikufa. Tulipofika namba saba nilimwambia ni kwetu. Akaugusa ule mraba kwa kidole, akasema mbona kadogo hivi. Kisha akaitundika sebuleni kati ya kalenda mbili, na kila mgeni aliyekuja alilazimishwa kuiona.

Likizo ya Desemba ndipo mambo yalipoanza. Hati ya shamba ilikuwa bado kwa jina la babu, na babu alikuwa amekufa miaka mingi. Mjomba alitaka jambo hilo limalizwe. Ilihitajika barua ya chifu yenye majina ya wenye haki, na chifu hakuandika barua mpaka wazee wa ukoo wakae na familia kwanza na kukubaliana majina. Mjomba alitaka majina mawili, la Cucu na lake. Mama alisema yako matatu. Mjomba akamwambia, kwa upole kabisa, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angepiga kelele, kwamba dada ni mgeni anayepitia, kwamba anaweza kuolewa tena wakati wowote, na kwamba pale chini alikaribishwa tu kwenye stoo yake mpaka ajipange. Yeye ana watoto wanne na shamba halitanuki.

Huyu ndiye mjomba aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua vichomi. Sikujua nimweke wapi moyoni. Nikipita karibu na nyumba yake nilikimbia.

Kwa wazee wetu wa ukoo swali lilikuwa moja. Binti aliyerudi, je, baba yake alimpa mahali akawasha moto wake mwenyewe, au alikaa tu kwa mama yake kama mgeni? Mwenye moto wake anahesabiwa katika boma. Asiye nao anaombewa kwa kaka yake, na kaka akikataa, basi. Babu hakuwa ameandika popote. Waliokuwapo siku anamwonyesha mama mahali pale walikuwa Cucu na mjomba, na hao walikuwa hawakubaliani.

Wiki mbili zilipita kati ya siku kikao cha wazee kilipotangazwa na siku yenyewe. Sikuweza kula nikamaliza sahani. Nilianza kufua nikaacha, nikaanza kusoma nikaacha, nikashika jembe, nikajikuta nimesimama katikati ya mahindi nikihesabu hatua bila sababu. Kila mara niliingia sebuleni kwa Cucu nikaitazama ramani, nikatoka. Nilifikiria kuiondoa. Siku moja niliivuta kona moja ikalegea, Cucu akaingia na sufuria ya nduma za kuchemsha, akadhani inaanguka, akaniambia nipande kitini niikaze vizuri. Nikapanda nikaikaza.

Jumamosi ya kikao walikuja wazee watatu. Mkubwa wao, ambaye ndiye aliyeongea, alivaa kofia ya sufu na koti lenye mifuko iliyojaa karatasi. Cucu alichemsha chai kwenye sufuria kubwa. Watu waliketi sebuleni, mama kwenye stuli karibu na mlango, mimi nikasimama nyuma yake kwa sababu hakukuwa na kiti na nisingeweza kukaa hata kama kingekuwapo. Cucu alisema aliyoyaona, kwamba mumewe alimwonyesha binti yake pale chini na kusema hapa utakaa. Mjomba akasema baba alisema atakaa kwa muda. Waliendelea hivyo, yule hivi na huyu vile, na chai ikapoa.

Kisha mjomba akasimama. Alikwenda ukutani, akaitoa ramani yangu kwenye misumari, akaiweka mezani mbele ya mzee.

"Mimi sitaki kuongea na mdomo yangu tu," akasema. "Hii ni mtoto yake mwenyewe aliandika, na mwalimu akaweka alama. Angalia hapo chini. Namba saba, stoo ya nyasi. Na hapa ameandika yeye na mama yake wanaishi kwa Cucu."

Mzee akavaa miwani. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Cucu akasema hapana, si kweli, mtoto mwenyewe alimwonyesha pale ni kwao. Mjomba akamsomea kwa sauti, neno kwa neno. Nikamwona Cucu akinigeukia, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa unangoja tu nimwambie mjomba amesoma vibaya. Mama hakugeuka. Nyuma ya shingo yake kulikuwa na uzi wa maruni umenasa kwenye kola.

"Nani alichora hii?" mzee akauliza.

"Ni mimi, Guka," nikajibu, kama tunavyowaita wazee wa umri wa babu.

"Na hii namba saba ni nini?"

Nilikuwa na majibu mengi kichwani, kwamba nilikosea, kwamba mwalimu ndiye alisema niandike hivyo, na yale ya kuhusu mwalimu yalishafika kwenye ulimi.

"Ni nyumba yetu," nikasema. "Niliandika stoo sababu niliona aibu. Sikutaka watu wa darasa wajue tunakaa hapo."

Nilianza kulia, na kwa sababu nilikuwa nimeanza kusema sikuweza kunyamaza. Nikasema kwamba katiba inasema msichana na mvulana ni sawa kwenye mali ya baba yao, tumefundishwa, hata huja kwenye mtihani. Mmoja wa wale wazee wengine wawili akacheka. Mzee mkubwa hakucheka, lakini aliniambia hayo nitayaandika nikipewa karatasi ya mtihani, kwanza nimjibu yeye. Na mjomba, sasa naye akiwa ameona aibu, akasema mtoto anamtetea mama yake, mtoto yeyote angesema hivyo, alichokiandika wakati hakuna kesi ndicho cha kuaminiwa. Nilijua kwamba maneno hayo yana akili. Hata leo, nikifundisha vyanzo vya historia, nawaambia wanafunzi karibu kitu hicho hicho.

Mzee akavua miwani akaniangalia.

"Wewe ukitoka shule jioni, moto unawashia wapi?"

"Kwetu. Huko chini."

"Twende."

Tulishuka wote kwa ile njia ya utelezi, wazee mbele, Cucu ameshikwa mkono na mke wa mjomba. Mbele ya mlango wetu mzee alisimama. Akapiga hodi. Mama alikuwa nyuma ya watu, ikabidi wampishe, akapita, akaingia ndani, akageuka, akasema karibu. Ndipo mzee akainama akaingia, nasi tukabanana mlangoni.

Hakuangalia kitanda wala masanduku. Alikwenda kwenye mafiga, akayagusa, kisha akainua fimbo yake akakwangua upande wa ndani wa bati. Masizi yakamwagika, meusi, mazito, yakamwangukia kofia na mabega. Akakwangua tena upande wa pili, juu ya kitanda, yakamwagika tena. Alichukua kidogo kwa vidole akayasugua, akatoka nje akamwonyesha mjomba mkono wake.

"Hii si ya mwaka moja," akasema. "Wewe unaweka nyasi mahali inawashwa moto hivi?"

Mjomba akatazama ule mkono. Nadhani katika masizi yale alimwona baba yake. Akasema hapana.

Barua ilikwenda kwa chifu na majina matatu. Wiki iliyofuata wazee walirudi wakapanda matoka, yale maua ambayo kwetu hupandwa kuonyesha mpaka na hakuna anayethubutu kuyang'oa. Mama alipewa sehemu ya chini, kutoka kwenye njia mpaka mtoni. Ramani haikurudishwa ukutani. Cucu aliikunja akaiweka chini ya godoro, na hakunisema hata siku moja, lakini hakunikalisha tena nimsomee kitu.

Jioni ile ya kikao, mama alipika mukimo wa viazi na mahindi. Masizi yalikuwa yameangukia blanketi na mimi nilikuwa nakung'uta nje, nakung'uta hata palipokuwa safi, kwa sababu sikutaka kuingia. Akaniita. Aliniwekea sahani, akaendelea kukoroga chungu ingawa chakula kilikuwa kimeiva.

"Mimi niliisoma hiyo kitu siku ya wazazi," akasema.

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini, mami?" akajibu, jina aliloniitia mimi bintiye. "Hata mimi wakiniuliza kazini naishi wapi, nasema kwa mama."

Tukala. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilidhani hakuna mtu duniani aliyewahi kuona aibu kama yangu, kumbe tulikuwa tumelala nayo chumba kimoja, kila mmoja upande wake wa pazia.

Sasa Cucu hayupo. Mjomba amezeeka, tunaongea vizuri, na mara nyingine hunitumia parachichi kwa gunia. Kahawa imeng'olewa nusu. Mashine ya napia siku hizi ni ya umeme, na jioni huwezi kujua ng'ombe wa nani anakula. Kiwanda kinafanya kazi wiki chache tu, ile harufu haifiki tena shuleni. Somo lenyewe limebadilika, vitabu vimebadilika, na wanafunzi wangu hawapimi kwa hatua. Wanagusa kona nne za shamba kwenye kioo na eneo linakuja lenyewe. Ni sahihi kuliko zangu zote. Nawaambia watoke nje watembee, wananiangalia kwa huruma, wanatoka.

Na nyumba yetu hakuna popote ilipo. Siku ya kuibomoa nilikuwa na haraka, mama alikuwa ameshahamia kwenye nyumba mpya ya mawe, mafundi walitaka mbao, nikasimama barabarani nikiongea kwa simu. Hatukuwahi kuipiga picha kwa sababu nani angepigia picha kitu kile. Katika ramani pekee iliyowahi kuionyesha, niliiita kitu kingine. Hili ndilo lililoninyima usingizi wiki iliyopita, si yale ya wazee, yale nilishasamehewa. Nilipima choo. Nilipima kaburi. Kwetu nilikisia.

Jumamosi nilipanda kwenda Giakanja bila kumwambia mtu. Mama alikuwa amekata napia ya kule chini siku hiyo hiyo, pamebaki visiki, na yeye ameketi juu ya rundo akipumzika, panga miguuni. Nilimsalimia, akaniuliza kama kuna shida kazini, nikasema hakuna. Nikavua viatu. Nikatafuta mahali mlango ulipokuwa, nikapapata kwa sababu ardhi pale ni ngumu kidogo hadi leo, nikasimama, nikaanza kutembea kuelekea mtoni. Nilikuwa nikikumbuka nyumba kubwa. Si ya kifahari, lakini iliyotosha kitanda, mafiga, masanduku, meza niliyosomea, kuku aliyetamia, watu wawili kwa zaidi ya miaka kumi na mitatu na siri zao. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Nilikuwa nainua mguu tena.

"Simama," mama akasema. "Hapo umeshatoka nje."

Nikarudi hatua moja, nikasimama ndani.